Inchi Moja kwa Mita Mia

Sanduku lilifika Sinaw siku ya soko, Alhamisi,
mbuzi wakilia hadi dirishani,
na Thuwaini akalifungulia juu ya meza yangu ya cherehani,
akaisukuma kando kofia niliyokuwa naitoboa.
Bunduki ya komeo, mpya, inanuka mafuta na ubao.
Na kadi ndogo, ngumu, kama ya mwaliko wa harusi:
risasi tatu, inchi moja, mita mia.
Chini yake saini ya mtu wa kiwandani tusiyemjua.

Nikamwambia, hii ni ya kuwindia,
na paa wa huku wana sheria inayowalinda.
Akasema, nitawinda karatasi.

Basi. Ijumaa baada ya sala tukaenda bondeni,
nyuma ya migunga, ambako kilima kinameza risasi.
Yeye na mfuko wake wa mchanga, mimi na rula yangu.
Natoboa kofia tangu nina miaka minane.
Mama alinifundishia Mkunazini, kabla hatujaondoka,
tundu kwa tundu, uzi usimzidi mwenziwe.
Kwa hiyo mimi huniambii "karibu karibu."
Milimita naijua kwa ukucha.

Ya kwanza ikapiga. Ya pili ikalala ubavuni mwa ya kwanza,
matundu yakawa kama nane iliyochoka.
Ya tatu ikatokea kulia, juu, peke yake,
mgeni aliyekosea nyumba.
Nikaweka sarafu ya baisa hamsini:
ilifunika mbili. Ya tatu ilibaki nje, inanitazama.

Thuwaini akakitukana kiwanda.
Akaitukana darubini, akautukana upepo,
na moshi wa sigara ya jirani yetu Hamyar
ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

Ngoja ipoe, nikasema.
Ikapoa. Ya kwanza, palepale. Ya pili, palepale.
Ya tatu: kulia, juu.
Hapo nikajua huu si ukorofi, ni tabia,
na tabia ina chanzo.

Nikatoa noti ya riali moja, nikaipitisha
kati ya mtutu na ubao, polepole,
kama unavyovuta kanga chini ya mtoto aliyelala.
Ikateleza, ikateleza, ikagoma.
Hapo. Upana wa kidole tu.
Chuma kikipata moto kinatanuka, ubao unakisukuma,
kidogo, kama anayekugusa kiwiko unatia uzi sindanoni.
Usiku nikaukwangua kwa msasa. Unga wa mti
ulitanda juu ya kofia ya mteja wa Ibra.
Noti ikapita mpaka mwisho.

Ijumaa ya pili: tatu, zote chini ya sarafu.
Hamyar akapiga makofi.
Thuwaini akaibusu ile kadi, jamani, akaibusu,
akatia ya nne.
Ya nne ikachota mchanga hatua kumi mbele yetu.

Kiwanda! akaanza.
Nikamwambia, hebu nipe. Nikaligeuza komeo, nikamrudishia,
chumba kitupu, bila kumwambia.
Akalenga. Akavuta. Haikulia.
Lakini bega liliruka, jicho likafumba,
mtutu ukainama kama mtu anayetafuta kiatu.
Hamyar akacheka. Kisha akaacha.

Kadi haikusema lolote juu ya bega.
Kiwanda kiliapia chuma, na kiapo kilikuwa cha kweli,
ukitoa upana wa kidole.
Hakikumjua mtoto wa miaka sita,
Unguja, Januari ile, chini ya kitanda cha shangazi,
akihesabu milio inavyokuja mtaani:
moja mbali, mbili, tatu kwa jirani,
na ya nne kwenye mlango wao.
Aliniambia mara moja tu, mwaka tuliooana,
taa ikiwa imezimwa.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mkobani na rula.

Tangu siku hiyo hupiga tatu, akapumzika,
akanywa kahawa, akaanza tena kutoka moja.
Hamyar anadhani anabania risasi.
Namwacha Hamyar adhani.